Msikilizaji Wetu Jennifer

Kwao Wete, kisiwani Pemba, hakuna aliyemdhania Mwanamwema binti Khatib kwamba siku moja angekula kwa ulimi wake. Alipokuwa msichana, mama yake akimtuma kuuza vitumbua, alirudi na sahani tupu na mkono mtupu, kwa kuwa kila aliyemlilia hali alimgaia. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu akipewa duka ataligeuza sadaka. Lakini dunia ni mzunguko. Aliolewa na Talib, mtoto wa wakimbizi wa Unguja aliyelelewa London, karani wa kaunsili ya mtaa, mtu mpole wa maneno machache. Akahamia Barking, mashariki mwa London, akamzaa Haifa, na mwaka 1995 akapata kazi ya kupokea simu katika stesheni ya redio iliyoitwa Tamarisk, ghorofani juu ya duka la mazulia. Wenzake lile jina refu liliwashinda. Wakalikata, wakabaki na Wema.

Redio Tamarisk haikuwa redio kubwa. Kila baada ya miezi mitatu, zilipotoka takwimu za wasikilizaji wa London, yenyewe ilikuwa palepale katikati, haipandi wala haishuki. Mara ya kwanza Mwanamwema alidhani siku hiyo ingekuwa ya msiba. Badala yake meneja wa mauzo, Mskoti mmoja mrefu aitwaye Ian, alinunua keki na kuwagawia watu vipande kwa mkono wake mwenyewe.

"Lakini Ian," Mwanamwema aliuliza, "kama watu wengi wanasikiliza redio nyingine, kwetu ananunua matangazo nani?"

Ian alilamba vidole. "Mwenye duka la vitanda hapo mbele barabarani, watu milioni moja watamfaa nini? Wakija ishirini Jumamosi moja, duka limejaa. Hataki London nzima yule. Anataka mtu mmoja anayekaa karibu, anayeamini anachoambiwa. Redio kubwa zinauza wingi, Wema. Sisi tunauza mtu."

Na kweli waliuza. Dakika za asubuhi, ambazo kila mtu alizitaka, zilifungwa pamoja na dakika za mchana ambazo mtangazaji alijisikiliza mwenyewe. Ukitaka nyama, lazima uchukue na mfupa. Taarifa za foleni za barabarani ziliuzwa kwa mdhamini, kwa kuwa hakuna dereva anayezima redio wakati anaambiwa njia ipi imeziba. Wafanyakazi walikuwa wachache, kodi ya jengo ilikuwa ya chini, na wenye maduka madogo waliolipa walitembelewa, wakanyweshwa chai, wakaulizwa habari za watoto. Hivyo mwaka hadi mwaka stesheni ile ya wastani ilipata faida, huku zile zilizoishinda zikipunguza wafanyakazi.

Na huyo mtu waliyemuuza alikuwa na jina. Aliitwa Jennifer.

Jennifer alibuniwa na Ian. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, akikaa Thamesmead, kusini-mashariki mwa London, ana watoto wawili, anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na redio yake iko jikoni juu ya friji. Kila muuzaji alimjua kwa moyo. Mtu akitaka kumpa mteja takwimu, Ian alimkataza. "Mweleze Jennifer," alisema. Jambo moja tu hakuliruhusu: hakuna kuzungumzia sura yake. "Ukimpa sura, mteja atasema huyo si mteja wangu. Mwache kila mmoja amwone wa kwake."

Mwanamwema alipohamishiwa mauzo, mwaka 1998, wenzake walitarajia arudi mikono mitupu. Mteja wake wa kwanza alikuwa Muhiddin, Mmombasa mwenye duka la makochi hapo Barking, mtu aliyekwisha kuwafukuza wauzaji wengi. Mwanamwema hakutoa karatasi. Alikaa kwenye kochi mojawapo, akavuta pumzi, akaanza kusimulia.

"Bwana Muhiddin, yuko mama mmoja. Ana koti la rangi ya ugoro, kifungo cha pili kimetoka, kila siku anasema leo nitakishona. Anarudi kazini miguu imemvimba. Kochi lake limebonyea upande mmoja. Yeye hukaa hapo pabovu, pazuri anapaacha, labda mgeni atakuja. Mgeni haji. Asubuhi anapokoroga chai, anatusikiliza sisi."

Muhiddin akauliza, "Huyo mama yuko wapi?"

"Yuko Thamesmead. Anangoja mtu amwambie yako wapi makochi ya bei yake."

Muhiddin alinunua matangazo ya miezi mitatu.

Tangu siku hiyo Mwanamwema aliongoza. Mwenyewe alishangaa. Kumbe hakuwa mtu asiyejua kuuza. Alikuwa mtu anayemwonea huruma kila mtu, na sasa alikuwa amepata wa kumwonea huruma hadharani kwa mshahara. Kwa kila mteja alimwongeza Jennifer kitu. Kwa muuza vitambaa wa Harrow, alisema Jennifer hununua kitambaa kwa kukinusa kwanza. Hiyo ilikuwa tabia ya mama yake mwenyewe. Kwa muuza vyombo, alisema Jennifer akipika huimba polepole, na alipoulizwa wimbo gani, aliuimba: ule wimbo wa kwao wa kupepetea mchele, aliokuwa akimlazia Haifa. Aliona si vibaya. Ubunifu ulikuwa umemwishia, na vitu vya nyumbani vilikuwa karibu.

Siku moja ya baridi Muhiddin alimpigia simu.

"Bi Mwanamwema, Jennifer wako kaja."

Mwanamwema alicheka. "Kaja kufanya nini?"

"Kuja kununua, kwani wanakuja kucheza? Kavaa koti la ugoro, kifungo hana. Kajaribu kochi, kakaa upande mmoja, ule wa pili anaupapasa tu kwa kiganja kama anampapasa paka. Nikamuuliza jina, akasema Jennifer. Umempa pauni ngapi? Maana ni mchezo mzuri, lakini ungeniambia mapema."

"Sijamtuma mtu, bwana Muhiddin."

"Haya, tufanye hujamtuma," alisema Muhiddin, na kwa sauti yake ilikuwa wazi hakumwamini.

Majina hufanana na makoti hufanana, Mwanamwema alijiambia. Mwezi haukuisha, muuza vitambaa wa Harrow akamwambia kuna mwanamke aliyepita dukani, akayainua majora ya vitambaa moja moja akiyanusa, akanunua mita chache za pazia na kusema amesikia redioni. Muuza vyombo naye alimpokea. Wote walifurahi, wote wakaongeza mikataba. Takwimu zilipotoka, Tamarisk ilikuwa palepale, na hakuna mteja hata mmoja aliyejitoa.

Mwanamwema alimweleza Ian. Alitarajia amcheke, au amwambie apumzike. Ian aliacha kukuna kidevu, akamtazama.

"Wanasema anafananaje?"

"Hawasemi. Wanasema koti."

"Basi endelea," alisema Ian, akainamia karatasi zake, na siku hiyo hakumtazama tena.

Aliyemtia baridi ya mgongo alikuwa Mumbi. Mumbi alikuwa Mkikuyu kutoka Nyeri mwenye saluni Thamesmead, mwanamke wa kanisa, hana mchezo, na alikuwa rafiki kabla ya kuwa mteja. Mwanamwema alipokwenda kusukwa alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Mama Haifa, kaa kwanza," alisema Mumbi. "Nataka nikuulize kitu na usinicheke. Kuna mama alikuja hapa Alhamisi. Jennifer."

Mwanamwema alikaa.

"Nimemwosha nywele. Akawa anaimba. Si Kizungu, ni Kiswahili, kile chenu cha huko kisiwani, sikukielewa chote. Kitu ya mchele na upepo. Nikamuuliza, wewe umetoka wapi? Akasema, Thamesmead. Nikamuuliza, na wimbo? Akasema, nimepewa."

"Alikuwa Mzungu ama Mwafrika?"

Mumbi aligeukia kioo. "Hiyo ndiyo nataka kukuambia. Mimi nashika vichwa vya watu tangu nikiwa msichana. Sura ya mtu sisahau. Huyo nilimkalisha hapo mbele ya kioo, nikamkausha nywele mpaka mwisho. Kwa kioo nikaona koti. Nikaona taulo shingoni. Nikaona mikono yangu ikifanya kazi. Lakini ukiniambia nikuapie alikuwa na macho, siwezi."

Nje basi lilipita, vioo vya saluni vikatetemeka. Mwanamwema aliomba maji.

Hapo ndipo alipoanza kuwauliza wengine, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za kawaida. Muhiddin, je, mwanamke yule ni mweupe? Muhiddin alijibu haraka kwamba ndiyo, kisha akasema labda Mhindi, kisha akakasirika, akasema yeye si mtu wa kutazama wake za watu usoni. Yule wa Harrow alisema, "Uso wa kawaida tu, mama," na alipobanwa, uso wa kawaida huo ukoje, aligeuka akatazama mlango wa duka lake.

Jioni moja baada ya magharibi Haifa, aliyekuwa na homa, alimwomba mama yake kwa Kiingereza amwimbie ule wimbo wa zamani. Mwanamwema alikaa kitandani, akampangusa uso, akafungua kinywa. Hakukuwa na kitu. Si maneno tu, hata kiimbo kilikuwa kimeondoka. Mahali pake palikuwa safi, kama ukutani palipoondolewa picha. Alimpigia simu dada yake Wete, na dada, akicheka, akamwimbia wimbo wote. Mwanamwema aliusikia neno kwa neno. Alipoweka simu chini, haukuwepo.

"Mama Haifa, siku hizi huimbi jikoni," Talib alimwambia. "Nilidhani umekasirika nami."

Akamweleza yote. Talib alikuwa mtu wa kaunsili, mtu wa mafaili na saini, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sijui ni nini hicho," alisema. "Lakini kitu ukikitaja kila siku mbele ya watu, nao wakakilipia, mimi sithubutu kusema hakipo. Usimpe tena vya kwetu."

Hakumpa tena. Aliendelea kuuza kwa yale ya zamani, koti na kochi na chai, na hayo yalitosha. Miaka ikapita hivyo. Alinunua gari. Jennifer alionekana hapa na pale, alinunua, akaenda zake, na wenye maduka wakamzoea kama wanavyozoeleka wateja wa kimya. Woga wa Mwanamwema haukuisha, bali ulitulia kama mashapo ya kahawa chini ya kikombe.

Mwaka 2003 Tamarisk ilinunuliwa na kampuni kubwa yenye stesheni nyingi. Ian aliondoka na zawadi ya saa. Akaja Tom, kijana mwenye shati jeupe na adabu nyingi, aliyewaita wauzaji chumbani na kuwaambia kwamba takwimu si mbaya wala si nzuri, faida ni nzuri sana, lakini msikilizaji amezeeka. Kuanzia sasa watamuuza Tatiana. Tatiana alikuwa na miaka ishirini na minne, anakaa peke yake, anapenda simu mpya na mazoezi ya mwili.

"Na Jennifer?" aliuliza Mwanamwema.

"Jennifer amekwisha," alisema Tom. "Tafadhali asitajwe tena kwa mteja yeyote."

Alitii, na kwa kweli alipumua. Nafuu yake haikudumu.

Muhiddin ndiye wa kwanza kulalamika. Jennifer alikuwa akija kila siku sasa, wala hanunui. Anaingia, anakaa kwenye kochi upande mmoja, anatazama mbele. Koti limeachia vifungo vyote, lakini halifunguki. Wateja hawamwoni, au wanajifanya hawamwoni, ila hakuna anayelikaribia kochi lile. "Nikimuuliza, mama, nikusaidie nini? Ananiuliza, wanasema nini juu yangu? Bi Mwanamwema, mimi mtu wa biashara. Mwondoe."

Kule Harrow mwenye vitambaa alifunga duka wiki nzima, akasema ni mafua.

Kisha Mumbi akapiga simu, mchana wa Jumanne, sauti chini kama yuko kanisani. "Yuko hapa. Amekaa kwa kiti tangu nifungue. Wasichana wangu wametoka wote. Nimesali, nimemwambia kwa jina la Yesu aende, akaniambia hana pa kwenda. Si hasira, Mama Haifa. Analia, lakini sijui analilia wapi. Kuja."

Mwanamwema alimpigia Talib kazini, na Talib, ambaye hakuwahi kuomba ruhusa ya dharura maishani mwake, aliomba. Waliendesha hadi Thamesmead. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyunyiza kwenye yale majumba ya zege na vijia vya miguu vilivyopita juu kwa juu kati yake, na kila dirisha lilikuwa na taa, ingawa ilikuwa mchana. Talib alitaka kuingia naye.

"Ngoja hapa mlangoni," alisema Mwanamwema. "Nisipotoka, ingia."

Mumbi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, kitana mkononi. Kwenye kiti cha mwisho alikaa mwanamke mwenye koti la rangi ya ugoro. Mikono yake ilikuwa mizuri, imechoka, kucha fupi, mikono ya mtu anayeosha wazee. Mwanamwema aliijua mikono ile ingawa hakuwahi kuieleza kwa mtu. Aliinua macho amtazame usoni, na macho yakateleza. Akajaribu tena. Ilikuwa kama kutafuta jina lililo ncha ya ulimi: unajua lipo, unalikaribia, halipo.

"Wewe ndiye Wema," alisema mwanamke yule kwa Kiingereza. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Ndimi."

"Mmeacha kunisema."

"Tumekatazwa."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelewa mambo ya kazini. "Kila jioni nafika nyumbani," alisema. "Nasikia watoto ndani. Wawili. Wanagombana, wanacheka. Nabisha, hawasikii. Ufunguo sina, kwa kuwa hakuna aliyesema nina ufunguo. Naita, lakini siwezi kuwaita kwa majina, kwa kuwa hawakupewa. Basi nageuka. Milango inayonifungukia ni ya maduka tu. Naingia, nanunua, natoka. Siku hizi hata ya maduka imekuwa mizito."

Mumbi alijishika mdomo.

Mwanamwema alikuwa amekuja na aya za Kurani kifuani na maneno makali ulimini. Alikuja kufukuza. Lakini aliposimama pale akamfikiria mtu aliyesimama mlangoni pake mwenyewe miaka mitano, akisikia watoto, mikono imejaa vitu alivyonunulishwa, yale maneno makali yalimwishia. Aliuvuta kiti akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane. Baridi ilitoka kwenye koti lile kama inavyotoka kwenye friji iliyofunguliwa.

"Sikiliza, basi," alisema, naye alisema kwa Kiswahili, na mwanamke yule akaonekana kuelewa. "Jennifer ana ufunguo. Uko mfuko wa kushoto wa koti, una uzi mwekundu. Ana mtoto wa kiume, jina lake Elkana, mvivu wa kuoga, lakini akimwona mama yake amechoka humvua viatu. Ana binti, jina lake Malak, mdogo, ana maneno mengi. Leo wametangulia kupika. Wameunguza kidogo. Redio wameizima, wanataka kumsikia mama akija."

Alisema pole pole, kama alivyokuwa akisema kwa wateja, ila safari hii hakukuwa na kochi la kuuza mwishoni. Akamweleza paji la uso, pana, na kovu dogo juu ya nyusi alilolipata utotoni kwa kuanguka kibarazani. Akamweleza macho, moja dogo kuliko jingine akicheka. Akamweleza mwanya wa meno ya mbele. Hakuchukua uso wa mtu anayemjua, alichelea; kila kitu alikitengeneza pale pale, na kila alipotaja kitu alikiona kinakaa. Mumbi, aliyekuwa nyuma, baadaye aliapa kwamba aliona kwenye kioo uso ukija kidogo kidogo, kama picha inavyotokea ndani ya maji ya msafisha picha, na kwamba haukuwa uso wa kutisha. Ulikuwa uso wa mama mmoja aliyechoka.

Mwanamwema alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

Mwanamke yule aliupapasa uso wake kwa vidole, paji, nyusi, mdomo. Kisha akauliza, kwa woga, "Na wimbo? Ni wako. Niurudishe?"

Hilo hakuwa amelifikiri. Kwa muda aliutaka wimbo wake kwa uchungu, akamwona mama yake na ungo, makapi yakipeperuka. Akamwona na Haifa, msichana mkubwa sasa, asiyelazwa tena kwa nyimbo.

"Malak wako bado mdogo," alisema. "Wimbo kaa nao."

Jennifer alisimama. Hakuaga. Alipofika mlangoni alimpisha Talib kwa adabu, na Talib akampisha yeye, wakafanya ule mzunguko wa watu wawili wanaopishana kwenye njia nyembamba. Alitoka mvuani, akavuka uwanja, akapita chini ya kijia cha juu. Alitia mkono mfuko wa kushoto. Akaanza kukimbia, mbio nzito za mtu mwenye miguu iliyovimba, mpaka jengo likamficha.

"Yule mama nani?" Talib aliuliza. "Ana mwanya kama wa shangazi yangu."

Mumbi alikuwa amekaa chini sakafuni, juu ya nywele za wateja, analia kwa sauti.

Jennifer hakuonekana tena, si Barking, si Harrow, si kwa Mumbi. Mwanamwema aliacha kazi mwezi huohuo. Tom hakuelewa, alimwongezea kamisheni, alimpa wiki ya kufikiri, akamuuliza ni redio gani inayomchukua. Mwanamwema alimwambia kwamba kila akifungua mdomo kumweleza Tatiana, mdomo unakuwa mzito, na hiyo ilikuwa kweli. Stesheni haikutetereka kwa kuondoka kwake. Matangazo yaliendelea kuuzwa, takwimu zilibaki za wastani, na faida ilipanda kila mwaka hadi kampuni ikaiuza kwa kampuni nyingine.

Yeye alipata kazi ya ukalimani katika hospitali moja ya mashariki mwa London. Aliipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alitakiwa aseme alichosema mtu mwingine, asiongeze wala asipunguze. Siku moja aliletwa mzee wa Micheweni, kwao Pemba, mgonjwa wa kifua, aliyekuja kwa mwanawe na hajui Kiingereza. Daktari alimuuliza maumivu yakoje. Mzee alifikiri, akamwinamia Mwanamwema sikioni.

"Mwanangu, mimi maneno sina. Mwambie wewe. Mwongezee kidogo, ili anione."

"Mzee wangu, siongezi," alisema Mwanamwema. "Sema wewe unavyosikia, hata kama ni neno moja. Mimi nitamfikishia lilivyo."

Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, aliweka kalamu chini akangoja. Hatimaye mzee aligusa kifua chake kwa ncha ya kidole kimoja, upande wa kushoto, akasema taratibu kwamba hapo ndani pamekuwa kama nyumba iliyohamwa, mtu akikohoa panaitikia mwangwi.

Mwanamwema alimgeukia daktari, akamwambia hivyo hivyo.